Clovelly, Devon: kijiji cha pwani kinachotoza kiingilio, na kwa nini ni halali yake

Wengi wanaposikia kwa mara ya kwanza kwamba Clovelly, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa kaunti ya Devon nchini Uingereza, kinawatoza wageni kiingilio, hukunja uso. Si ajabu, kwa kuwa tumezoea kulipa mlangoni pa makumbusho au kwenye lango la hifadhi ya wanyama, wala hatujazoea kulipa ili tupite katika mtaa ambamo watu wanaanika nguo, wanapika chakula cha mchana na kuwaita watoto wao ndani. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi Uingereza na kwa jamaa wanaokwenda kuwatembelea, ambao mara nyingi huishia London, Birmingham au Leicester na kurudi nyumbani bila kuiona pwani ya nchi ile. Msimamo wangu ni kwamba kiingilio cha Clovelly ni halali yake, lakini anayepata thamani kamili ya fedha yake ni yule anayelala huko, na si yule anayeshuka saa tano asubuhi na kupanda saa tisa alasiri.

Ili kulielewa jambo la kiingilio, ni lazima kwanza kulielewa jambo la umiliki. Kijiji chote, pamoja na mashamba na misitu inayokizunguka, ni mali ya ukoo mmoja. Zachary Hamlyn alikinunua mwaka 1738 kutoka kwa ukoo wa Cary, ambao nao walikuwa wamekishika kwa karne kadhaa, na tangu hapo kimekuwa kikirithiwa; mmiliki wa sasa, John Rous, alikirithi kutoka kwa mama yake mwaka 1983. Nyumba za kijijini haziuzwi. Hupangishwa, tena hupangishwa kwa sharti kwamba mpangaji aishi humo mwaka mzima, si kuigeuza nyumba ya kuja kupumzikia wakati wa kiangazi. Sharti hilo ndilo lililonifanya nikithamini kijiji hiki kuliko vingine vya pwani ile. Katika vijiji vingi vya Devon na Cornwall, matajiri wa mijini wamenunua nyumba za wavuvi kwa bei ambazo kijana wa pale hawezi hata kuziota, na matokeo yake ni kwamba ifikapo Januari madirisha mengi huwa giza. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kuelezwa sana habari hiyo, maana anayeijua Shela ya Lamu anajua jinsi nyumba za kale zinavyopita mikononi mwa wageni moja baada ya nyingine, hadi watoto wa pale wanabaki kuwa walinzi wa nyumba za babu zao.

Sisemi kwamba ni jambo jema mtu mmoja kumiliki kijiji kizima. Mpangaji wa Clovelly hawezi kumwachia mwanawe nyumba, na mwenye mali ndiye mwenye neno la mwisho. Hata hivyo, nimekiona kijiji chenyewe, nimeona taa zikiwashwa jioni katika nyumba zilizopangana kando ya mtaa, na siwezi kujifanya kwamba sikuona tofauti. Juu ya milango ya baadhi ya nyumba zimechongwa herufi CH pamoja na mwaka: ni alama ya Christine Hamlyn, aliyekishika kijiji tangu mwaka 1884 hadi kifo chake mwaka 1936, na ambaye alizikarabati nyumba hizo moja moja. Wamiliki wanasema kwamba mapato ya kiingilio husaidia kuendeleza kazi hiyo ya ukarabati, na mtu akizitazama kuta zilizopakwa chokaa, mapaa na mtaa wenyewe uliotandazwa mawe, haoni shida kuamini kwamba kazi hiyo haina mwisho.

Nilipokwenda, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa chini ya paundi 10, na ndani yake mlikuwamo maegesho ya gari, nyumba mbili za makumbusho na bustani za Clovelly Court, jumba la wamiliki wa kijiji. Kati ya makumbusho hayo mawili, moja linamhusu Charles Kingsley, mwandishi wa karne ya 19 ambaye baba yake alikuwa kasisi wa parokia hii. Hilo linaweza kurukwa na mtu asiyemfahamu. Jingine ni nyumba ya mvuvi iliyopangwa kama ilivyokuwa katika miaka ya 1930, na hilo lisirukwe. Ni vyumba vidogo, ngazi nyembamba, vitanda vilivyobanana, zana za uvuvi ndani ya nyumba. Mtu akisimama humo kwa dakika chache anaelewa kwamba uzuri wa kijiji hiki ulijengwa na watu ambao hawakuwa na nafasi hata ya kugeuka.

Kufika kunahitaji subira. Kwa asiye na gari, njia ya kawaida ni treni kutoka London hadi Exeter, safari ya saa mbili na zaidi, kisha treni ndogo inayofuata mabonde hadi Barnstaple kwa muda unaozidi saa moja, halafu basi namba 319 linalopita Bideford. Mabasi hayo ni machache, kwa hiyo ratiba iangaliwe kabla ya kukata tiketi ya treni, si baadaye. Mwenye gari atakuja kwa barabara kuu ya pwani ya kaskazini na kuliacha gari juu ya kijiji, kwenye kituo cha wageni. Hapo ndipo magari yanapoishia, kwa kuwa mtaa mkuu hauingii gari la aina yoyote. Unateremka kuelekea baharini kwa kimo cha mita 120 hivi, ukipinda kushoto na kulia kati ya nyumba zilizoshikamana, na umetandazwa mawe ya mviringo yaliyotolewa ufukweni na kupandishwa kwa nguvu za watu.

Mawe hayo yanahitaji kuzungumzwa bila kuficha. Yakiwa makavu huchosha nyayo. Yakiwa na umande au mvua huteleza kama mwani. Viatu vya soli laini vya kupigia picha havifai hapa, na kandambili ndiyo kabisa. Nilimwona mama mmoja mtu mzima ameshikilia ukuta kwa mikono miwili huku binti yake akimtangulia kurudi nyuma, hatua kwa hatua, na wote wawili hawakuwa na nafasi ya kuitazama bahari iliyokuwa mbele yao. Mwenye maumivu ya magoti, mwenye kutembelea kiti cha magurudumu na mwenye mtoto wa kusukumwa kwenye kigari wajue mapema kwamba mtaa huu haukuwafikiria. Katika majira ya kiangazi kuna gari la Land Rover linalopita barabara ya nyuma, kati ya bandarini na kituo cha wageni, kwa malipo madogo. Hilo huwaokoa wengi wakati wa kupanda, lakini huwanyima mtaa wenyewe, ambao ndio waliokuja kuuona.

Kwa kuwa magari hayaingii, mizigo yote ya kijiji husafirishwa kwa sleji za mbao, yaani vichanja visivyo na magurudumu vinavyoburutwa juu ya mawe. Kila kitu hushuka hivyo: mboga za sokoni, mitungi ya gesi, mashine ya kufulia, sanduku la mgeni. Takataka nazo huburutwa kwenda chini hadi bandarini, ambako gari huzichukua, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeziburuta kwenda juu. Nilisimama kando kumpisha mwenyeji mmoja aliyekuwa akiteremsha bidhaa za nyumbani. Hakuwa akiivuta sleji, alikuwa akiizuia. Alitembea nyuma yake, kamba ameizungusha kiganjani, mwili ameulaza nyuma, na kila alipofika kwenye kona aliikanyaga kidogo kwa mguu mmoja ili igeuke, kisha akaiachia tena. Mbao zilikuwa zikikwaruza mawe kwa sauti kavu ambayo, mtu akishalala kijijini, huanza kuisikia asubuhi na mapema kabla ya kusikia ndege wa baharini.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya punda. Ndio waliopandisha samaki kutoka gatini na mizigo ya wasafiri kutoka kwenye mashua. Leo punda wa Clovelly wamestaafu kazi nzito na wanaishi katika zizi lililo juu ya kijiji, ambako watoto wadogo hupandishwa migongoni mwao siku za kiangazi na wageni hupiga nao picha. Wanatunzwa vizuri, manyoya yao yamechanwa, kwato zao zimekatwa inavyopaswa. Mtoto yeyote aliyewahi kuwaona punda wa kwetu wakibebeshwa mawe ya matumbawe juani angefarijika kuwaona hawa.

Sasa malazi. Kijijini kuna hoteli mbili, na zaidi ya hizo kuna baadhi ya wenyeji wanaopokea wageni majumbani mwao kwa kitanda na kifungua kinywa. Hoteli ya kwanza, New Inn, iko katikati ya mtaa, na inamfaa mtu anayetaka kuyaona maisha ya kijiji yakipita chini ya dirisha lake. Ya pili, Red Lion, iko chini kabisa, kwenye gati, na kama mfuko unaruhusu mimi ningeichagua hiyo bila kusita. Sababu yake ni maji. Bahari ya upande huu ni ya Mlango wa Bristol, ambao kupwa na kujaa kwake ni miongoni mwa kukubwa zaidi duniani, na bandari ndogo ya Clovelly hukauka maji yanapotoka. Mtu analala mashua zikielea chini ya dirisha, anaamka na kuzikuta zimelala ubavu juu ya mchanga na mawe, kamba zimelegea, na watu wanatembea mahali palipokuwa na kina usiku. Aliyekulia pwani atajikuta anahesabu saa za maji bila kuambiwa, na atajua kwa kutazama tu kama ni bamvua.

Hoteli zote mbili zina baa chini, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za wageni vijijini Uingereza. Nalitaja hili kwa heshima, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiislamu watataka kujua. Kelele hazikunifikia chumbani, na hakuna aliyenitazama vibaya nilipoagiza chai ilhali wengine wana bia. Lakini asiyetaka kabisa kulala chini ya paa lenye baa atafute chumba katika nyumba ya mwenyeji, na aulize mapema kwa sababu vyumba hivyo ni vichache. Kibla kutoka huku ni upande wa kusini mashariki. Vyumba vya nyumba za kale ni vidogo, sakafu zake zina mteremko wa hapa na pale, na ngazi ni za kupandwa na mtu mmoja mmoja, kwa hiyo sanduku kubwa la safari ya ng'ambo liachwe kwa ndugu mjini na mtu aje na mkoba wa mgongoni. Mtandao wa simu kijijini ulikuwa dhaifu, kwa kuwa miamba imekizunguka kila upande. Mwenye kazi ya kufanya kwa simu asiitegemee.

Kuhusu chakula, uzuri wa Clovelly ni kwamba mtu anaweza kula vizuri bila kuuliza habari za nyama. Kaa na kambakoche huvuliwa kwa madema katika ghuba hii, na madema yenyewe utayaona yamepangwa juu ya gati, yana harufu ya chambo na chumvi. Vibua hupatikana kiangazi. Samaki aliyekijenga kijiji hiki, hata hivyo, ni heringi. Kwa karne nyingi watu wa hapa waliishi kwa heringi, wakimvua kwa nyavu za kuelea, na kuna mashua chache ambazo bado zinamvua hivyo hivyo. Kila mwaka mwezi Novemba hufanyika tamasha la heringi bandarini, ambapo samaki huchomwa, huvutwa moshi na kusindikwa kwa siki mbele ya macho ya watu. Heringi ana mafuta mengi na miiba midogo mingi. Anayewapenda dagaa na vibua atamzoea siku hiyo hiyo. Kwenye kifungua kinywa, badala ya soseji na nyama ya nguruwe, niliomba heringi wa moshi kwa yai na mkate wa siagi, na nikaletewa bila maswali.

Kitu cha pili ambacho mtu asikose ni chai ya alasiri ya Devon: chai ya maziwa, skonzi mbili za moto, jamu ya stroberi na malai mazito ya rangi ya manjano ambayo hayamiminiki bali huchotwa kwa kijiko. Watu wa Devon hupaka malai kwanza na jamu juu yake, majirani zao wa Cornwall hufanya kinyume, na pande zote mbili hulichukulia jambo hili kwa uzito. Ninapendelea njia ya Devon, kwa sababu malai hukaa pale pale palipopakwa na jamu haimezwi na skonzi. Katika mgahawa mmoja, ambao sitautaja jina, niliuziwa skonzi baridi iliyokwisha kukauka, kwa bei ile ile ya skonzi ya moto, na mhudumu alikuwa ameshaanza kupindua viti juu ya meza kabla sijamaliza kikombe cha kwanza. Hilo linaonyesha tatizo la kijiji kizima: kinaishi kwa saa za wageni wa mchana. Jua linapoanza kujificha nyuma ya miamba, jambo ambalo hutokea mapema kwa kuwa kijiji kinatazama mashariki na kaskazini, migahawa na maduka hufungwa, na mgeni anayelala hubaki na meza za hoteli peke yake. Ale huko, na aweke nafasi ya meza asubuhi.

Maduka ni machache, na uchache wake umenipendeza. Asitarajie mtu kupata duka la kila kitu. Kuna duka kubwa la zawadi kwenye kituo cha wageni juu, ambalo mtu hulazimika kupita ndani yake, na bidhaa zake nyingi zingeweza kununuliwa katika mji wowote wa pwani ya Uingereza: taulo za jikoni, biskuti za makopo, sumaku za kubandika kwenye jokofu. Hapo sikununua kitu. Thamani iko kwa mafundi wanaofanya kazi kijijini wenyewe. Kuna karakana ya hariri, ambako skafu hupakwa rangi kwa mkono, na kuna ufinyanzi na sabuni zinazotengenezwa pale pale. Skafu za hariri ni ghali, tena ghali kwa kweli, lakini mtu akitazama jinsi rangi inavyoachwa itambae yenyewe hadi kwenye mstari uliochorwa na isimame hapo, anaelewa analipia nini. Nilimnunulia mama bakuli la udongo la rangi ya bahari, si kubwa, lenye alama ya kidole gumba ya mfinyanzi kwenye kitako. Mwenye kuhitaji dawa, maziwa ya mtoto, kadi ya simu au chakula cha kupika mwenyewe avinunue Bideford kabla ya kuja.

Zaidi ya mtaa na bandari, kuna mambo mawili ambayo wageni wa mchana huyakosa kwa haraka zao. La kwanza ni ufuko wa mawe uliopo upande wa bandari, ambako kijito huanguka kutoka kwenye mwamba moja kwa moja hadi pwani. Pafikiwe maji yanapotoka, na mtu awe na jicho kwenye saa. La pili ni njia ya msituni iitwayo Hobby Drive, iliyochongwa kando ya miamba mwanzoni mwa karne ya 19 kwa amri ya Sir James Hamlyn Williams, mmiliki wa kijiji wakati ule, ikiwa na urefu wa takriban kilomita tano. Haina mteremko mkali, ina kivuli cha mialoni, na kila baada ya kona majani hufunguka na ghuba nzima ikaonekana chini. Kwa yule ambaye magoti yake hayakuweza mtaa, njia hii ni fidia ya kweli. Bustani za Clovelly Court nazo, zenye ukuta mrefu na nyumba za vioo zinazooteshwa zabibu na nyanya, ni mahali pa kupumzika, lakini zinampendeza zaidi mkulima kuliko mtalii.

Gati lenyewe linastahili muda. Ni la mawe, limepinda kama mkono uliokumbatia, na lilijengwa na George Cary katika karne ya 16 ili wavuvi wapate pa kukimbilia dhoruba katika pwani isiyo na makimbilio. Mtu akienda hadi ncha yake na kugeuka nyuma, anauona mtaa wote umesimama wima mbele yake, nyumba juu ya nyumba, na hapo ndipo anapoelewa kwa nini hawakuweza kamwe kuleta barabara. Karibu na hapo kuna kituo cha mashua ya uokoaji, kilichoanzishwa mwaka 1870. Wanaokwenda baharini usiku wa dhoruba ni watu wa kujitolea, na sanduku la kuwachangia lipo. Nilichangia, na ningemwomba kila mtu aliyetoka katika familia ya wavuvi afanye hivyo.

Kwa anayepanga safari, nashauri Mei au Septemba. Julai na Agosti mtaa hujaa hadi watu hupishana kwa kugeuka ubavu, na vyumba hupanda bei na kuisha mapema. Novemba ni baridi na mawe huteleza, lakini mwenye koti la mvua na viatu vya soli ngumu atalipata tamasha la heringi. Chumba cha Red Lion kinachotazama bandari kiombwe kwa kutamka hivyo wakati wa kuweka nafasi, na ni vyema kuuliza papo hapo kama Land Rover itakuwa ikifanya kazi siku ya kuondoka, kwa sababu mzigo ulioteremka kwa urahisi utalazimika kupanda.